Mkono Usiopepeta

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba sitapepeta tena. Ahadi hiyo niliitoa katika wodi ya hospitali mjini Mbeya, asubuhi aliyokuwa akisubiri kufanyiwa upasuaji wa bega, naye aliipokea kama mtu aliyekwisha kuisikia mara nyingi.

"Sema vizuri," aliniambia. "Hutapepeta nini?"

"Mpira, shangazi."

"Wapi?"

"Karibu na shimo."

"Haya. Na kwa kuwa umesoma, usije kuniambia baadaye kwamba hukuelewa swali."

Muuguzi aliyekuwa akipima mapigo yake ya moyo alitutazama kwa zamu, kisha akaendelea na kazi yake.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa karani katika ofisi ya shamba la chai huko Mufindi, na huko ndiko alikojifunzia gofu, katika uwanja uliozungukwa na chai pande zote. Alipostaafu alihamia Iringa mjini, lakini Jumamosi zake zilibaki Mufindi. Mimi alinifundisha nilipokuwa chuoni, wakati wa likizo. Kila mwaka tulishiriki pamoja shindano la jozi, ambamo watu wawili hucheza mpira mmoja, huyu mkwaju mmoja, yule mkwaju mmoja, kwa zamu. Katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, ila ushindi ulikuwa habari ya watu wengine. Mpaka wetu sisi ulikuwa mia, na kila mwaka tuliuvuka.

Tuliuvukia mahali palepale. Nilikuwa napiga mipira mirefu ya kupendeza, watu wakapiga makofi, halafu tukifika kando ya grini, yaani zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, mambo yanaharibika. Hapo panahitajika mkwaju mdogo ambao sisi tunauita kuchipu: mpira unyanyuke kidogo, utue, kisha utambae wenyewe kuelekea shimoni. Mimi nilikuwa nikiuchota kwa viganja ili upande juu. Mara fimbo ichimbe udongo na mpira usogee kama mtu mwenye usingizi, mara iupige tumboni uvuke grini nzima na kuingia kwenye chai. Shangazi, aliyekulia kwenye ungo katika nyumba ya Kihehe, aliupa mkosi huo jina la kazi hiyo. Kupepeta.

Sasa hapo wodini aliongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kama bega likipona na tukavuka mia tena, fimbo zake atazigawa.

"Bega la kutengenezwa," alisema, "si la kufukuzia mipira kwenye chai."

Nilifahamu fimbo zile zilikuwa na maana gani. Tangu mumewe afariki, ndizo zilizokuwa zikimtoa nyumbani. Bila hizo nilimwona akikaa sebuleni na televisheni inayojisemea yenyewe, na sikutaka wazo hilo liendelee.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Ubaruku, na Ubaruku hakuna uwanja wa gofu, kuna mpunga. Nilimwomba msimamizi wa mashine moja ya kukoboa aniruhusu kutumia kiwanja cha kuanikia jioni, mpunga ukishazolewa na maturubai kukunjwa. Alikubali, akaomba tu nisivunje taa.

Mwanzo nilifanya kama nilivyozoea. Nilileta ndoo ya mipira, nikasimama mahali pamoja, nikapiga hadi mkono ukazoea. Ilikuwa raha, lakini raha hiyo ilikuwa na udanganyifu ndani yake, kwa sababu uwanjani hakuna anayekupa mpira wa pili ili usahihishe wa kwanza. Nikaiacha ndoo nyumbani. Nikawa nakwenda na mpira mmoja na kipande cha gunia. Gunia nililitandika pale nilipotaka mpira utue, si pale nilipotaka usimame; kisha nikapiga, nikaufuata, nikaumalizia kwa fimbo ya kusukumia, ndipo nikachagua mahali pengine. Kazi ilikuwa ya polepole, na ilinivunja moyo zaidi ya mara moja.

Pembeni ya kiwanja akina mama walikuwa wakipepeta mchele.

"Mwalimu, hiyo fimbo haikusikii!" mmoja aliniita. "Njoo tukupe ungo!"

"Mwacheni," mwenzake akadakia, "anamchapa mwanafunzi mtoro."

Nilicheka nao. Lakini jioni ile niliitazama mikono yao kwa mara ya kwanza nikiwa na swali. Viganja vyao vilirusha mchele juu kwa sababu kulikuwa na pumba za kuupa upepo. Mpira wangu haukuwa na pumba. Tena uso wa fimbo umeundwa ukiwa umelala nyuma, na mlalo huo ndio unaounyanyua mpira. Muda wote nilikuwa nikiusaidia mpira usiohitaji msaada wangu. Nilitoka chuoni nikitaka kumsaidia kila mtu, kwa hiyo wazo hilo lilinigusa mbali kuliko gofu. Tangu siku hiyo nilivituliza viganja, nikaweka uzito kwenye mguu wa mbele, nikaacha mabega yafanye kazi.

Siku ya shindano Mufindi ilikuwa ndani ya ukungu, na shangazi alikuwa amevaa sweta mbili. Bega lilikuwa limepona, daktari ameridhia. Tulipangwa kundi moja na mfanyabiashara wa Iringa, ambaye wote tunamwita Alhaji, na mkwe wake.

"Kamwene, mama," Alhaji alisalimia kwa Kihehe chake cha sokoni. "Naona umekuja na mpepetaji wako."

"Kamwene. Wewe chunga mkwe wako, Alhaji. Mwaka jana alichuma chai kuliko vibarua."

Nilipepeta mara mbili kabla hatujafika nusu, na mara zote mbili shangazi alitazama pembeni. Baadaye mkono ukatulia. Tulipofika shimo la mwisho, Alhaji alijumlisha kadi yetu kwa sauti: tukimaliza kwa mikwaju miwili, tutakuwa tisini na tisa. Mpira ulikuwa kando ya grini, nyuma ya kituta, na zamu ilikuwa yangu.

Shangazi alisogea karibu.

"Gunia liko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nimemsimulia kwa simu habari za gunia, wala sikudhani anazikumbuka. Nikamwonyesha kiraka cha nyasi zilizopauka, hatua chache ndani ya grini.

"Basi piga gunia. Shimo niachie mimi."

Nilipiga gunia. Mpira ulitua juu yake, ukatambaa, ukalipita shimo kidogo na kusimama umbali wa hatua moja. Haukuwa mkwaju wa kusimuliwa mjini. Shangazi aliinama, akausukuma kwa mkono ambao miezi kadhaa nyuma haukuweza kuinua kikombe. Mpira uliyumba ukingoni, kisha ukatumbukia.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye umande bila kujali suruali.

"Mashallah," alisema Alhaji. "Mwalimu, ungo umeuuza?"

"Ameurudisha Ubaruku," shangazi alijibu.

Kwenye gari alifungua buti. Alizifuta fimbo zake moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye mfuko, akafunga zipu.

"Jumamosi usinipigie simu mchana," alisema. "Nitakuwa huku."

Niliitikia, nikafunga buti. Njia yote ya kurudi, wakati yeye amesinzia na kichwa kimeegemea kioo, nilijisikia mwepesi kama niliyetuliwa mzigo ambao nilikuwa nimeuzoea.

Wewe unayesoma, ukipata saa moja ya mazoezi, nakuomba uiache fimbo ndefu garini, uchukue mpira mmoja, uende kando ya shimo.