Rangi ya Lori la Babu

Shangazi ndiye aliyenisimulia kisa hiki kwanza, wiki ile barabara ya Kpandroma ilipofunguliwa tena. Baba mdogo alikuwa amechonga kwa mti mfano wa lori la babu, lililochomwa vitani. Wao wawili tu ndio waliolikumbuka, kwa hiyo walikwenda dukani pamoja kuchagua rangi. Muuzaji alitoa kopo la rangi ya magari.

“Hii inang’aa sana, mama.”

“Kamyo ya baba haikukuwaka inang’aa. Alipakaa na burashi, rangi yenye ilibakia ya mulango ya nyumba.”

“Basi muko natafuta rangi ya mulango?”

“Ya mulango. Na weye, ndugu yangu, usilainishe alama ya burashi.”

Wajukuu walisema limepakwa vibaya. Shangazi alipitisha kidole kwenye mistari ya burashi.

Baba mdogo ameshafariki. Shangazi yuko hai, na hataki mtu alipanguse vumbi: lori la babu pia lilikuwa nalo.