Mjomba Alingoja Wekundu

Majina yao wote ninayo, hata la dereva aliyetupandisha kutoka ziwani, hata la mbuzi aliyefungwa mlangoni pa gereji siku ile. Siyaandiki. Wengi wamekufa, na aliyekufa huwezi kumwomba ruhusa.

Enzi za Mwingereza niliolewa Kipili, kule ziwani, mimi binti wa juu, wa Ufipa wa baridi. Mume wangu alikuwa na boti ya mbao yenye mashine, akipeleka watu na samaki Kabwe. Kabla ya mashine alikuwa akipiga kasia pamoja na baba yake, mpaka mzee akapinda mgongo. Akaapa: siku mashine ikifa, kasia hashiki tena, anakwenda migodi ya shaba kusini, ng'ambo ya mpaka. Aliyasema hayo akicheka. Mimi sikucheka. Mume wa dada yangu alikwenda huko, tukamngoja mpaka wanawe wakaota ndevu.

Basi boti ikagonga mwamba karibu na kisiwa. Mbao hazikuumia sana. Kilichoumia ni ubavu wa mashine, lile ganda linaloshika maji ya kuipoza. Ufa ulishuka toka juu hadi chini kama wa yai lililochemshwa. Na ganda lile halikuwa chuma cheusi, lilikuwa alumini, kitu kilekile cha sufuria. Jingine halikupatikana. Mzungu aliyemwuzia mashine alikuwa amekwisha rudi kwao, na ya namna ile hakuna mwingine pwani yote aliyekuwa nayo.

"Sumbawanga yuko mjomba wangu," nikamwambia. "Anachomelea malori."

"Atakiweza hiki?"

"Watu wa kwetu wameyeyusha chuma tangu dunia haijaona lori."

Sikudanganya. Ukoo wa mama yangu walikuwa watu wa ilungu, yale matanuru ya udongo yaliyopita urefu wa mtu. Utotoni mjomba alivukuta moto kwa babu. Majembe ya dukani yalipokuja moto ule ukazimwa, naye akashuka mjini kwa tajiri mmoja mwenye maduka na malori, akafundishwa mitungi ya gesi.

Ganda nililibeba mgongoni, nimelifunga kwa kanga, maana mume wangu aliogopa mtikisiko wa lori ungeurefusha ufa. Dereva akanitazama.

"Mama, huyo mtoto mbona halii?"

"Amevunjika ubavu."

"Basi mnyonyeshe, atalia!"

Watu walicheka mpaka tukafika Chala, na mume wangu akacheka pamoja nao, mkono wake juu ya lile ganda kama kweli ni mtoto.

Mjomba alitupokea gerejini. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mpwa wangu. Umeniletea nini?" Akaligeuza ganda, akaligonga kwa msumari, akasikiliza.

"Hii sauti ya sufuria."

"Ni sufuria, Mjomba," mume wangu akasema, "ila hii imesoma."

Mjomba akacheka, akasema kesho. Usiku huo mimi nikapelekwa kulala kwa mkemjomba, wao wanaume wakalala gerejini. Ndiyo ilikuwa mila ya ilungu: moto ukitaka kuwashwa, fundi na mwenye kazi hawalali na wake zao, na mwanamke hasogei. Mume wangu, mtu wa ziwani, akaninong'oneza, "Hata kwa gesi?"

"Hata kwa gesi."

Asubuhi nilifua nguo za mkemjomba, kisha nikaja kukaa nje ya gereji, mgongo kwenye mabati. Mabati yalikuwa na tundu, na mimi nina macho. Mjomba alikuwa amelisugua ganda kwa brashi ya waya mpaka likang'aa. Cha kuzibia ufa ilikuwa sufuria yangu ndogo ya harusi, niliyosafiri nayo. Aliikata vipande vyembamba kwa mkasi wa bati. Sikuionea uchungu. Ningempa zote.

Zamani mjomba alikuwa akitufundisha sisi watoto, "Chuma ni muungwana. Hakiondoki bila kuaga. Kwanza kinakuwa damu, halafu papai bivu, halafu jua. Kikifika jua, ndipo kinakwenda." Hiyo ndiyo elimu aliyopewa na babu, na kwa malori ilimtosha.

Moto ukaanza kuulamba ufa. Vipande vya sufuria vikayeyuka, vikawa matone, matone yakaviringika juu ya ganda kama maji juu ya jani la gimbi. Hayakushika.

"Bado baridi," Mjomba akasema. Akaongeza gesi.

"Mjomba, naona kama kinakunjana."

"Tulia, mkwe. Wekundu haujaja."

Na kweli haukuja. Ganda lilibaki jeupe, jeupe vilevile lilivyotoka ziwani. Halafu uso wake ukasinyaa kama ngozi ya maziwa yanayotaka kuchemka, na ubavu wote ukaanguka mchangani. Pakabaki tundu la kupitisha kichwa cha mtoto.

Mjomba aliendelea kuelekeza moto pale pasipo na kitu. Halafu akafunga gesi.

"Hakikuniaga," akasema.

Mume wangu akachuchumaa, akatazama. "Si kitu, Mjomba."

"Niletee kingine. Sasa nimekijua."

"Kingine hakipo, Mjomba."

Miaka mingi baadaye, mjomba amekwisha kufa, fundi mwingine aliniambia kwamba alumini haiwi nyekundu kabla ya kuanguka. Kuna dawa ya kuondoa ile ngozi yake inayokataa kushika, na kabla ya moto mtu huipaka sabuni; sabuni ikigeuka nyeusi, ujue imekaribia. Sabuni! Siku ile mikono yangu ilikuwa inanukia sabuni, nami nimekaa nje ya bati.

Jioni tulikula kwa mkemjomba, ugali wa ulezi na maharage. Mjomba hakugusa. Mume wangu alikula vizuri, akaomba aongezewe, akamsifu mkemjomba kwa mkono wake, akatania baridi ya kwetu kwamba inamfanya mtu atamani kuolewa na blanketi. Nilimtazama usoni nione hasira, au machozi. Sikuona kitu. Nikajiambia, amepoa.

Asubuhi tulikwenda kisimani mimi na mkemjomba. Tuliporudi, lori la kusini lilikuwa limeondoka na mume wangu. Blanketi aliliacha, limekunjwa.

Nilishuka Kipili peke yangu, mgongo mtupu. Baba mkwe alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba akitengeneza wavu. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia, akaitazama njia nyuma yangu, akaitazama tena. Akainuka polepole, akashika nguzo ya nyumba kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akachomoa kasia lililokuwa limechomekwa paani. Lilikuwa limekauka mno. Akalibeba mpaka ufukweni, akalilaza majini, akaliwekea jiwe juu, lilowe.