Sura ya Kuazima ya Odell Pruitt

Kama uliwahi kuja kanisani kwetu, kanisa la watu weusi wa Oakland, Marekani, basi ulipokelewa mlangoni na Odell Pruitt. Glavu nyeupe, mkono mmoja mgongoni, na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni. Mtoto akikohoa katikati ya mahubiri, Odell alimpenyezea pipi ya mnanaa. Mimi nilisimama mlango wa pili, na wivu nilikuwa nao: watu walizunguka jengo zima ili wapokelewe naye.

Mmoja wa watoto wale wa pipi, Renita, alikua akawa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa akichunguza televisheni inavyojenga picha za watu vichwani mwa watazamaji. Akatunga taarifa ya habari ya uongo kuhusu wizi wa dukani: wanafunzi wengine waonyeshwe mshukiwa mweusi, wengine mweupe, kisha waulizwe wanakumbuka nini. Ikabaki kupata sura nyeusi.

"Mzee Odell, niazime sura yako."

"Ichukue, mwanangu. Earline ameishi nayo miaka yote hii, hajaitaka."

Mkewe akamtupia kitambaa cha vyombo.

Kazi ikawa kupiga picha.

"Usicheke, Mzee."

"Sicheki."

"Sasa hayo meno ni ya nani?"

Mwishowe Renita alimwambia amfikirie shemeji yake aliyekuja kukaa wiki moja na asiondoke. Uso ukakunjamana mara moja.

Wanafunzi walipomaliza kutazama waliambiwa kwamba habari ile ni ya kutunga. Mmoja wao, binti wa kizungu, alikuwa na kibarua kwenye duka la vyakula. Siku moja Odell alifika kaunta yake na mboga za majani na mifupa ya shingo ya nguruwe. Binti akamtazama, akamwita mlinzi. Alipoulizwa kulikoni, alisema tu, "Huyu namjua." Alimjulia wapi, hakukumbuka. Mpaka leo nikilifikiria hilo damu inanichemka.

Odell aliacha vyakula pale pale akarudi nyumbani. Jumapili hakuja kanisani, na iliyofuata vilevile. Watu wote wakaingia kwa mlango wangu, na sikufurahi hata kidogo.

Renita alipopata habari na kugundua kwamba binti yule alikuwa ameonyeshwa picha ya Odell, tulikwenda naye nyumbani kwa Odell.

"Nisamehe, Mzee. Picha yako naiondoa."

"Earline ananiambia nirudi mlangoni. Nirudi na sura ipi? Nikimchekea mgeni, nitajuaje anaona nini?" Akamsogezea Renita kiti. "Haya, huo uchunguzi wako umekuambia nini?"

Renita akainamisha kichwa. "Kuna kundi tulilolionyesha ile habari bila mshukiwa yeyote. Wizi tu. Wengi wao wanashikilia kwamba walimwona mtu mweusi."

"Bila picha yangu?"

"Bila picha ya mtu yeyote, Mzee."

Earline akazima jiko. Odell alicheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. "Na mimi nilivyojilaumu kwa kukunja uso!"

Nilitamani kuvunja kitu, lakini vyombo vilikuwa vya Earline.

Odell akajifuta, akainuka. "Earline, glavu zangu ziko wapi?"

"Kabatini. Za nini leo Alhamisi?"

"Za Jumapili. Maadamu wananiona hata nisipokuwepo, afadhali niwepo."