Nilitafuna kahawa nitulize moyo kabla ya interview ya unesi, presha ikasoma mbele ya panel

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Ninachoandika hapa sijakitia chumvi. Ningeitia, ile presha mtakayoikuta huko chini ingesoma zaidi.

Mimi ni nesi, binti wa Nyaishozi, Karagwe, miaka ishirini na nane. Naishi na mama, tuko wawili tu na migomba yetu, kahawa na maharage. Tangu nimalize diploma, kwa miaka minne, nilikuwa najitolea kwenye zahanati moja ya huku kwetu.

Kujitolea maana yake unavaa sare, unakesha wodi ya wazazi, kila mtu anakuita nesi, halafu mwisho wa mwezi unarudi nyumbani na mkungu wa ndizi wa shukrani. Na ndizi kwetu zipo.

Basi nikaitwa usaili kwenye kituo cha afya cha binafsi pale Kayanga. Sikitaji jina, msinifuate PM. Nafasi moja, waombaji tulikuwa tumejaa benchi mbili.

Hiyo ilikuwa interview yangu ya tano. Nilishaamua nikiikosa naachana na unesi, naenda Mwanza kukaa kaunta kwenye duka la vipodozi la binamu yangu. Nilipomwambia mama, akasema "sawa", akaendelea kumenya ndizi. Sikumuuliza zaidi.

Tatizo langu sio vitabu wakuu. Tatizo ni woga.

Interview ya pili niliulizwa umri, nikataja uzito.

Ya nne nikaamua kufuata wataalamu wa YouTube. Kuna mmoja anasema ukiogopa panel, wafikirie wote wamevaa nguo za kulalia. Nikajaribu. Kumbe yule wa katikati ni mchungaji. Sikuweza kumtazama usoni mpaka natoka, na nadhani waliandika kwamba sijiamini.

Kwa hiyo hii ya tano mama akasema tuachane na mambo ya simu, tufanye ya kwetu. Niende kwa wakubwa wa ukoo kuaga, wanitakie heri, moyo utatulia.

Wazo zuri kabisa. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Kwa msiojua huku kwetu: kahawa hatuinywi tu, tunaitafuna. Punje zinachemshwa na majani ya kunukia, zinakaushwa, mgeni akiingia anawekewa kiganjani. Ukikataa umemtukana mwenye nyumba, na habari itafika kwenu kabla yako.

Asubuhi hiyo nikaanza kwa bibi. Akanijazia kiganja. "Tafuna mjukuu wangu, hii inatuliza moyo."

Nikapita kwa baba mkubwa. Naye kiganja. "Tafuna, inafungua kichwa."

Nikamalizia kwa mzee wa kanisa, jirani yetu. Aliomba sala ndefu, nzuri, mpaka akaitaja panel nzima na watoto wao. Halafu akaleta kisahani. Mtu amekuombea hivyo utamkatalia?

Chai sikuwa nimekunywa, maana woga ulinifunga tumbo. Nilizobakiza nikazitia mfukoni, nikazimalizia njiani juu ya bodaboda, kwa sababu kila nikitafuna naona kama moyo unazidi kwenda mbio, na kila ukizidi nakumbuka kwamba dawa yake ni kutafuna.

Msicheke. Au chekeni tu, nimeshazoea.

Nikafika Kayanga mikono inacheza yenyewe. Pale kwenye benchi kulikuwa na kaka mmoja wa tai, ametulia kabisa, anatuambia yeye hajawahi kuogopa interview maishani. Nilimchukia bila sababu.

Nikaitwa. Panel ya watu watatu: daktari ambaye ndiye mkuu wa kituo, matroni, na mhasibu, baba mmoja mnene aliyesema ametokea Kyerwa, ambako nako wanatafuna.

Maswali ya mdomo nilijibu kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Matroni akaniomba nirudie polepole. Nikarudia, haraka zaidi.

Halafu daktari akasema, "Haya, mpime presha mhasibu wetu."

Kitu ninachokifanya mara thelathini kwa siku. Nikamfunga kile kitambaa mkononi, kikafunguka. Nikafunga tena. Nikaweka stethoskopu masikioni, nikapampu, nikasikiliza, na wakuu, nilichokuwa nasikia ni moyo wangu mwenyewe. Mrija unagonga meza, tik tik tik. Mhasibu ananiangalia kwa huruma kama mtu aliyeona ajali.

Nikajua Mwanza hiyo.

Daktari akainuka. "Dada, hebu kaa wewe kwenye kiti. Nikupime wewe."

Nikakaa. Akapima, akamwonyesha matroni, matroni akaguna.

158 kwa 96. Mapigo 124.

Nilitaka kulia. Daktari akarudi kukaa, akachukua kalamu. "Sawa. Huyu ni mgonjwa wako. Mwanamke, miaka ishirini na nane, amekuja na hiyo. Unamfanyaje?"

Sijui niwaelezeje kilichotokea hapo. Yule mwanamke wa kwenye kiti namjua. Kila siku zahanati nampokea, ila mara nyingi ni mzee ametembea kilomita tano kwa miguu. Sikuulizwa tena habari zangu, niliulizwa habari za mgonjwa, na mgonjwa siogopi.

Nikasema, "Simwanzishii dawa. Kwanza namuuliza ametumia nini asubuhi hii."

"Ametumia nini?"

Ndilo swali langu la kwanza kwa kila mzee anayekuja na presha, umetafuna kahawa leo? Miaka minne nawagombeza wazee wa watu kwa swali hilo.

"Kahawa, daktari. Ya kutafuna."

"Kiasi gani?"

"Ya bibi, ya baba mkubwa na ya mzee wa kanisa."

Mhasibu akadakia, "Sasa angekataaje?" Matroni akaziba mdomo kwa faili.

Daktari hakucheka. "Endelea."

"Hajala, na ana hofu. Namkalisha nusu saa, mgongo umeegemea, miguu chini, asiongee. Kisha napima tena, mikono yote miwili. Ikiwa bado juu, namwambia arudi siku nyingine nipime tena, asiguse kahawa kabla ya kuja. Kama angekuwa na maumivu ya kifua au kichwa kinamgonga sana, namwita daktari hapo hapo."

"Haya. Nenda kafanye hivyo."

Wakuu, nilitolewa kwenye interview nikakae kwenye benchi niwe mgonjwa wangu mwenyewe. Kaka wa tai akaniuliza kimetokea nini. Nikamwambia siruhusiwi kuongea.

Nusu saa baadaye nikaitwa tena. 128 kwa 82. Nikampima na mhasibu, safari hii vizuri. Yake ilikuwa mbaya kuliko yangu ya kwanza, na yeye hakuwa na interview. Nikamwambia tuonane kesho kwa kipimo kingine. Akasema, "Kesho hutakuwepo hapa." Nikatoka na maneno hayo.

Siku ya kumi na moja nikapigiwa simu nikiwa shambani, tunapalilia maharage. Matroni mwenyewe. Akasema nafasi ni yangu, nianze Jumatatu, na mhasibu anaulizia kipimo chake.

Nikakaa chini kwenye udongo, machozi yakaanza.

Mama akaona, akatupa jembe, akaja kukaa pembeni yangu. Hakuuliza. Akanishika mgongo akaanza, "Basi mwanangu. Basi. Hata Mwanza ni kwa watu. Utakuwa unanipigia Jumapili. Nimeshaongea na jirani, binti yake atakuwa analala hapa na mimi. Usinifikirie mimi."

Kumbe lile "sawa" lake alikuwa amelifanyia maandalizi yote. Mimi nilidhani anayeiogopa panel nyumbani kwetu ni mimi peke yangu.

Nikasema, "Mama, nimepata."

Akaondoa mkono. Akaniangalia kama hajanisikia, kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia kuliko mimi.

Nilichojifunza: woga wa interview hauishi. Mimi mpaka leo mkuu akiniita ofisini napita mlango wake mara mbili kabla ya kubisha. Ila acha kujitazama wewe, tazama ile kazi waliyokuitia, mikono itakumbuka yenyewe. Na kunyweni chai asubuhi, jamani.

Wenye visa vyao vya panel mwageni hapa, hasa waliowahi kufanya vibaya kuliko mimi. Nawahitaji. Wa kutukana pia karibuni, nitawajibu nikitoka zamu.

NB: Mama anasema hakulia, ulikuwa moshi. Tulikuwa katikati ya maharage, wakuu. Hapakuwa na moto popote.