Panapita

Karakana alikokuwa akitengeneza baiskeli mume wangu ilifungwa mwezi wa pili, na tangu hapo watu wakimwita Spoki anaitika kwa sauti ndogo, kama jina si lake tena. Kwa hiyo mama mmoja, bosi wa kampuni ya kutembeza wageni, alipomwambia atafute njia ya kulizunguka jiji kwa baiskeli, siku nne bila kukanyaga lami, aliishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Njia ikikubalika, angeajiriwa kuwaongoza wageni. Isipokubalika, hatukuwa na pengine pa kukimbilia.

Alizunguka siku kumi. Jioni anachora sebuleni, kwenye karatasi alizozibandika kwa uji wa mtoto. Shemeji alipita akamcheka: kulizunguka jiji lote na bado uko kwako. Spoki akamjibu, bila kuinua kichwa, kwamba yeye angalau alitoka.

Ijumaa bosi alikuwa aje kuchukua ramani saa sita mchana. Asubuhi hiyo mume wangu alivua shati anawe, nikaona bega lake la kulia limevilia damu.

“Baba, hili bega vipi?”

Akasema ni baiskeli tu. Nikaangalia ramani. Nyuma ya machimbo ya mawe kuna ukuta, na yeye kaandika “panapita”. Nikamuuliza panapitaje. Akanishangaa. Si unaibeba baiskeli tu, unavuka? Penye reli je? Unabeba. Kwenye mtaro? Akaanza kuhesabu kwa kidole juu ya karatasi, na alipofika kumi na moja kidole kikasimama.

Hakudanganya. Tangu utotoni, pasipopitika yeye huitupia baiskeli begani na safari inaendelea. Mahali kama hapo hajawahi kupaita pamefungwa. Lakini wageni walikuwa kumi na wawili, na mizigo yao nyuma, wengine umri wa mama mkwe.

Saa nne ilikuwa imepita. Alipiga magoti akatafuta upya, akafuta, akachora, akafuta hadi karatasi ikatoboka. Kila alikozungukia alitokea kwenye lami. Jasho lilimtiririka na chumba kilikuwa na baridi.

“Tusiseme,” akaniambia. “Wakifika nitawabebea.”

“Wote?”

Mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, nami nilijua nikinyamaza tu, kazi tumepata. Nikamwona akilini bibi wa watu amesimama chini ya ule ukuta, jua linazama.

“Andika, baba,” nikasema.

Akaandika “unabeba baiskeli”, mahali kumi na moja.

Bosi alisoma akiwa amesimama mlangoni. Akauliza baiskeli hizo zitabebwa na nani.

“Mimi,” mume wangu akasema.

Mama yule hakucheka, na heri angecheka. Akakunja karatasi taratibu, akamshukuru kwa ukweli wake, akasema atatafuta mtu mwingine wa kuimalizia njia hiyo.

Spoki alimsindikiza hadi kwenye gari. Nilimsikia akimwinamia dirishani, akimweleza kwamba siku ya pili, baada ya daraja la mbao, huyo mtu awapitishe wageni kushoto, maana kulia pana tope na wataharibu viatu.