Mcheki Aliyeanguka Nyamitaba

Niliondoka Goma kwa sababu mkuu wa shule yetu aliamini kwamba mwalimu wa michezo anayejua Kifaransa anaweza pia kuokoa heshima ya taifa. Mgeni wetu aliitwa Jana, mruka juu mstaafu kutoka Ucheki, mwenye miaka hamsini na mitatu. Alitaka kuwaona wasichana wa Masisi wakiruka. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri na kutabasamu.

Saa moja asubuhi tulipanda pikipiki mbili. Barabara ilikuwa katika hali yake bora, yaani ilikuwepo. Tulipokwama kwenye tope, Jana alinisimulia maisha yake huku tukisukuma. Alianza akiwa na miaka kumi na mmoja, akiruka kamba ya nguo ya mama yake. Akaja kuvaa jezi ya taifa, akazunguka viwanja vya Ulaya, na katika shindano kubwa kuliko yote akawa wa nne. Nafasi nzuri sana hiyo: unawaona vizuri wale watatu wanapovishwa medali. Mwaka uliofuata mshipa wa kisigino ulikatika. Hakuruka tena.

Masisi, saa tano. Ofisa wa michezo alitukaribisha kwa hotuba fupi iliyotumaliza nguvu kuliko tope. Nikamuuliza godoro la kuangukia liko wapi.

"Iko Walikale, mwalimu," alisema bila aibu. "Wakubwa walikuwa na mukutano kule, vitanda vikapunguka."

Nilimtafsiria Jana kwamba godoro limesafiri kikazi.

Nyamitaba, kijiji cha ndani zaidi, alasiri. Wanafunzi walikuwa wamejaza magunia majani makavu ya maharagwe, wakayapanga nyuma ya ufito wa kurukia. Furaha, msichana wa miaka kumi na mitano, alivuka kwa mgongo kila tulipouinua. Jana alinishika mkono hadi ukauma. Akaomba ampeleke Goma likizo nzima, akamfundishe.

Mama yake Furaha, aliyetoka shambani na jembe begani, alisimama katikati yetu.

"Hapana, mwalimu. Mutoto anaanguka na mugongo! Akivunjika, nani atamubeba? Wewe?"

Nilitoa maelezo marefu, ya kitaalamu, ambayo hakuna aliyeyasikiliza. Jana akavua viatu. Akarudi nyuma hatua kumi, akakimbia huku akichechemea, akaruka. Ufito ukaanguka pamoja naye, gunia likapasuka, na kilichobaki kuonekana ni miguu miwili mirefu hewani.

Mama Furaha akaisogelea miguu hiyo.

"Mama, umekufa?" aliuliza mama Furaha.

Jana akaketi, majani yamemjaa kinywani, anacheka na kulia pamoja. Mama Furaha akatupa jembe, akamwinua, akampangusa mgongo, naye akashindwa kujizuia kucheka.

"Huyu mama muzima hivi ameanguka na hakuvunjika," akaniambia. "Basi mutoto aende. Lakini kesho ni wewe utamubebea begi."

Asubuhi tuliteremka na pikipiki tatu. Furaha alikuwa amekaa wima, hataki kugeuka nyuma. Jana hakuweza kukunja goti, lakini aliimba hadi Goma, vibaya sana.

Nilichojifunza? Nimefundisha wasichana michezo miaka kumi na miwili, nikiwa pembeni na filimbi yangu, na sijawahi kuanguka mbele yao hata mara moja. Jambo hilo nilikuwa nikijivunia.