Rejeta Iliyonyweshwa Madafu

Jumwa anavuta pumzi, anatia mdomo kwenye bomba la mpira, anapuliza. Mashavu yanamvimba kama mpiga zumari. Mbele yake kuna karai la maji. Ndani ya karai kuna rejeta ya pikipiki, kile kipoza maji ya injini, na kwenye tundu la pili la rejeta kuna kidole gumba cha mumewe.

"Baba Cynthia, kaza!"

Mwinga anakaza. Mkono anaotumia ni wa kushoto, ule uliolala tangu apigwe na kiharusi miaka miwili iliyopita. Wa kulia ni mzima kabisa, lakini leo amekataa kuutumia. Kidole kinatetemeka, maji yanatetemeka nacho.

Mapovu hayatoki. Jumwa anachutama, anatazama tena, anapuliza tena. Hakuna.

"Haivuji," anasema, na anakibusu kile kidole gumba pale pale, mbele za watu.

"Mama Cynthia, aki mtatuua!" anapiga kelele Jethro, mwenye bodaboda, ambaye amekuja kutiwa upepo na sasa haendi popote.

Hapa ni bandani kwa Jumwa, Kona ya Musa, Ukunda. Ni asubuhi, na hii si kazi ya mteja. Pikipiki ni ya nyumbani. Ni kuukuu, na inapozwa kwa maji, si kama hizi za bodaboda zinazopozwa na upepo tu.

"Hizo za upepo ni kama mbuzi, hazina masharti," anasema Jumwa. "Hii ni ng'ombe wa maziwa. Usipoinywesha vizuri umeikosa."

Mwenyewe anatoka bara ya Kwale, kule kukavu, kwa hivyo ng'ombe anawajua. Mwinga alimwoa akiuza mahamri. Akawa anamshikia spana, leo moja, kesho mbili, mpaka wateja wa mahamri wakaanza kulalamika kwamba mahamri yananuka grisi. Akayaacha. Kazi ya ufundi wameifanya pamoja, na tangu mumewe augue anaifanya peke yake. Siku nzuri anapata shilingi mia nane. "Siku mbaya napata shikamoo," anasema.

Sasa, hiyo pikipiki. Kila mwisho wa mwezi Mwinga alikuwa akiipanda kwenda Majoreni kumwona mamake, Bi Shutu. Akirudi analeta madafu matatu kwenye kikapu, ya mkewe. Hiyo ilikuwa desturi, haletwi samaki wala nini, ni madafu.

Safari ya mwisho alirudi na kikapu kitupu. Jumwa alinuna kidogo, akalala. Asubuhi yake Mwinga hakuweza kuinuka kitandani. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalikuwa yamemtoka karibu yote. Walipotoka hospitali alibaki na machache ya kuhesabu, na moja alilirudia kila siku kuliko mengine.

"Dafu."

"Mimi nikajua mtu wangu anatamani dafu," anasema Jumwa. "Ningefanyaje? Nikanunua."

Akanunua Jumatatu, akanunua Jumanne. Mwinga anakunywa, anatikisa kichwa, ananyoosha kidole kule kwenye pikipiki, anasema tena, "Dafu." Jumwa anadhani anataka kunywea pale penye pikipiki. Anamsogezea kiti. Ananunua lingine.

"Tulimwambia mzee ataota makuti!" anadakia Jethro.

Mwinga anamtolea ulimi. Hilo halihitaji maneno.

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu juzi Bi Shutu alipiga simu. Miguu yake haimbebi tena, na mwanawe hajamwona tangu augue. Aliuliza swali lile lile analouliza kila akipiga: "Mbona sisikii pikipiki?" Safari hii sauti ilikuwa ndogo sana. Jethro alijitolea kumpeleka Mwinga, bure kabisa. Mwinga akakataa. Hakutaka kufika kwa mamake amefungwa kama kiroba cha unga kwenye pikipiki ya mtu. Alikwenda kuegemea yake, iliyokaa bila kuwashwa tangu augue, akaipigapiga tangi.

"Nikaona basi, hii itapona, na ipone upesi," anasema Jumwa.

Akafungua kifuniko cha rejeta. Harufu iliyotoka, anasema, ilikuwa ya siki na pombe ya mnazi iliyolala. Jethro aliruka nyuma, akasema pikipiki imelewa. Ndani kulikuwa na uji wa kahawia, mzito, umeganda kwenye vijia vyote vya maji. Na pale shingoni pa rejeta palikuwa na uzi mmoja wa kumbi la nazi.

Jumwa akautoa uzi, akauangalia. Akamwangalia mumewe.

"Dafu," akasema Mwinga, taratibu. Kisha akaongeza neno ambalo hajawahi kuliongeza. "Lako."

Ndipo ikaeleweka. Siku ile pikipiki ilichemka njiani, maji hayakuwapo, na yeye alikuwa na madafu matatu ya mkewe. Akayamwaga yote kwenye rejeta ili afike nyumbani. Miaka miwili alikuwa akijaribu kumweleza, na mkewe anamnywesha tu.

"Nilikaa chini nikacheka mpaka nikalia," anasema Jumwa. "Mtu hana maneno, na yale mawili matatu aliyobakiwa nayo anaombea radhi madafu."

Kuisafisha kumechukua maji ya moto sufuria kwa sufuria, sukari ikayeyuka ikatoka kidogo kidogo. Kisha ndimu, ya kuyeyusha yale magadi ya maji ya kisima. Themostati, yaani kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto, Jethro alishauri kitupwe.

"Huku Pwani kwani kuna baridi? Si mafundi wote wanatoa?"

"Na ndiyo maana nyote mnarudi kwangu," alimjibu. Akakitumbukiza kwenye sufuria inayochemka. Hakikufunguka. Ndicho kilichoichemsha pikipiki tangu mwanzo. Amepata kingine kwenye chuma chakavu, na hicho kilifunguka kama mtu anayepiga miayo.

Sasa anafunga rejeta, anakaza klipu, anamimina maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe, pamoja na kulanti ya kijani, ile dawa ya kupozea injini. Hataki tena maji ya kisima. Anawasha. Inakohoa, inakohoa, inashika. Mwinga ameinamisha kichwa. Jethro naye amesogea karibu. Joto linapanda, linapanda, halafu feni inaanza kuvuma, na joto linatulia.

Mwinga anafumba macho.

Jumamosi wanakwenda Majoreni. Jumwa ataendesha, Mwinga atakaa nyuma, na leso mbili zitawafunga pamoja kiunoni. Wakikaribia kwa Bi Shutu Jumwa atavuta moto makusudi, injini ingurume, ili bibi asikie kabla hajaona.

"Na tumpelekee nini mama?" anamuuliza mumewe, akijifuta mikono.

Mwinga anatafuta. Neno linachelewa, lakini linakuja.

"Dafu."

"La kunywa, au la kumwaga?"

Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaocheka.

"La... kunywa."